Gemu ikisuasua, pima kwanza kabla ya kuuza gunia la mpunga

KATA ya Kilangali, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, ni nchi ya mpunga. Ndiko liliko shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, na mkulima wa huko, kama walivyo wakulima wengine wa mpunga, hupata fedha zake kwa mkupuo. Mvua za masika zikishakatika na mpunga ukishavunwa, ndipo mifuko hutuna. Mvua zinaporudi, mifuko hiyo huwa imekwisha kunywea.

Ni katika miezi hiyo michache ya neema ambapo biashara ndogondogo za vijijini hupata wateja. Muuza chipsi, fundi cherehani, mwenye duka la vocha na mwenye kibanda cha gemu, wote hutegemea shilingi ileile iliyotoka shambani.

Kibanda cha gemu ndicho kinachozungumziwa hapa. Wengi walianza na televisheni moja, mashine ya PlayStation na pedi mbili. Lakini mashine hizo zinapochakaa, na kisomea diski kinapogoma, wapo wanaochagua njia nyingine: seremala anatengeneza sanduku la mbao lenye kimo cha mtu, ndani yake inawekwa kompyuta iliyokwisha tumika, mbele inafungwa televisheni, na chini ya kioo zinapangwa joistiki mbili na safu za batani. Mwingine hulitengeneza kwa ajili ya watoto wa nyumbani, mwingine kwa ajili ya kuongeza kipato.

Sanduku la namna hiyo halidai mtaji mkubwa. Tatizo huanza miezi kadhaa baadaye, pale gemu inapoanza kusuasua, sauti inapokatikakatika, au batani ya kurusha ngumi inapobonyezwa mara tatu ndipo iitike. Wateja huguna, kisha huhamia kwingine. Mwenye sanduku hukata shauri la haraka: kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine. Na fedha ya kununua hutoka kwenye magunia yaliyohifadhiwa ndani.

Uamuzi huo mara nyingi ni wa hasara, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakuwa haujajulikana. Kompyuta mpya ikiingizwa katika sanduku lilelile lisilo na hewa, kwenye televisheni ileile na waya zilezile, huurithi ugonjwa uleule.

Programu inayoigiza mashine

Kabla ya kutafuta tatizo ni vyema kufahamu sanduku hilo linavyofanya kazi. Gemu za zamani ziliandikwa kwa ajili ya mashine zake maalumu. Pac-Man, iliyotolewa nchini Japani mwaka 1980, ilitengenezwa kwa mashine yake. Street Fighter II ya mwaka 1991 nayo ilikuwa na yake. Kompyuta ya kawaida haielewi lugha ya mashine hizo.

Kinachowezesha gemu hizo kuchezwa ni programu inayoigiza mashine ya zamani, ambayo mafundi huiita emuleta. Inayofahamika zaidi kwa gemu za masanduku ni MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria wa Italia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwezi Februari mwaka 1997. Kwa gemu za PlayStation 2 ipo inayoitwa PCSX2.

Emuleta ni sawa na mkalimani katika mkutano wa hadhara. Kila neno linalotamkwa na mgeni wa heshima ni lazima litafsiriwe, na kwa sababu hiyo mkutano wa saa moja huchukua saa mbili. Ili muda usiongezeke, mkalimani anatakiwa awe na kasi kubwa kuliko msemaji.

Ndiyo maana prosesa ya Pac-Man, iliyopiga mapigo kama milioni 3 kwa sekunde, huigizwa bila taabu na takriban kompyuta yoyote. Lakini prosesa ya PlayStation 2, yenye mapigo karibu milioni 294 kwa sekunde na vifaa vingine vinavyofanya kazi sambamba nayo, huweza kuishinda kompyuta yenye mapigo zaidi ya bilioni 2.

Hapo linapatikana somo la kwanza. Kama gemu moja inasuasua na nyingine zote zinakwenda vizuri, mzigo ni wa gemu hiyo. Dawa ya bei rahisi ni kuiondoa kwenye orodha, si kununua kompyuta.

Kipimo ni bure

Mkulima hanunui mbolea kwa kutazama rangi ya jani la jirani. Vivyo hivyo, mwenye sanduku asianze kubadili vifaa kabla ya kupima, na kipimo kipo ndani ya programu yenyewe.

Katika MAME, kubonyeza F11 kwenye kibodi huonyesha kasi kwa asilimia juu ya kioo. Asilimia 100 maana yake ni kwamba gemu inakwenda kwa kasi ileile iliyokuwa nayo kwenye mashine yake ya asili. Asilimia 80 maana yake ni kwamba kila kitu kinazubaa: mpira, saa ya mchezo na muziki. PCSX2 nayo huonyesha kasi yake.

Kipimo hicho kichukuliwe mara tatu kwa gemu ileile: mara tu kompyuta inapowashwa, baada ya nusu saa, na jioni wakati wateja wamejaa. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kwa kuzitazama tu, nusu ya kazi ya fundi inakuwa imekwisha fanyika.

Namba ikiwa chini tangu mwanzo, tatizo lipo kwenye mipangilio au uwezo wa kompyuta. Ikianza vizuri kisha ikashuka, mtuhumiwa wa kwanza ni joto. Ikibaki 100 wakati wote lakini wachezaji bado wanalalamika, basi kompyuta haina kosa na uchunguzi uhamie kwenye televisheni, joistiki na batani.

Joto ndani ya sanduku

Seremala hupenda kulifunga sanduku vizuri ili lipendeze na vumbi lisiingie. Kwa kompyuta hilo ni janga. Prosesa huzalisha joto, na inapozidi kiwango hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa mfano, bodi ndogo za Raspberry Pi, ambazo baadhi ya watu huzitumia badala ya kompyuta kubwa, huanza kujipunguza zinapofika nyuzi joto 80.

Chini ya paa la bati, mchana wa jua kali, hewa inayoingia ndani ya sanduku huwa tayari ni ya moto. Vumbi la barabara na la pumba za mpunga nalo huziba feni na mapezi ya kupozea.

Jaribio la kutambua joto halina gharama. Gemu ichezwe kwa nusu saa mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, kisha asilimia iandikwe. Siku inayofuata, saa ileile, irudiwe mlango ukiwa wazi na feni ya mezani ikipuliza ndani. Namba ikipanda, mkosaji amepatikana.

Tiba yake ni kutoboa matundu chini ya sanduku ili hewa ya baridi iingie, na mengine juu, upande wa nyuma, ili hewa ya moto itoke. Feni ndogo ifungwe kwenye matundu ya juu ikitoa hewa nje. Kompyuta izimwe, ichomolewe, na vumbi lisafishwe kwa brashi laini. Ikiwa ni ya miaka mingi, fundi anaweza pia kubadilisha grisi ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na pezi lake, kwani hukauka.

Umeme nao uangaliwe. Baadhi ya kompyuta mpakato hupunguza kasi zinapotumia betri, au zinapochajiwa kwa chaja isiyo yake. Raspberry Pi inayolishwa kwa chaja dhaifu ya simu huonyesha alama ya radi pembeni mwa kioo; alama hiyo ni kilio cha njaa ya umeme. Raspberry Pi 4, kwa mfano, inahitaji chaja ya volti 5 yenye uwezo wa ampea 3. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka nyakati za jioni, stabilaiza ni kinga ya sanduku zima, televisheni ikiwamo.

Mipangilio ya programu

Iwapo asilimia ni ndogo tangu kompyuta inapowashwa, mipangilio ichunguzwe kwa utaratibu ufuatao, kitu kimoja baada ya kingine.

Kwanza, kompyuta nyingi huwa zimewekwa kwenye mpangilio wa kubana umeme. Uhamishiwe kwenye mpangilio wa utendaji wa juu.

Pili, programu nyingine zinazofanya kazi kichinichini zizimwe. Kompyuta inayokagua virusi au kupakua masasisho wakati wateja wanacheza ni sawa na ng'ombe wa kulimia aliyefungwa na mkokoteni.

Tatu, mapambo ya picha yapunguzwe. Emuleta za PlayStation huruhusu picha kukuzwa mara mbili, mara tatu au zaidi ya ilivyokuwa kwenye mashine ya asili, na kila hatua huongeza kazi. Picha irudishwe kwenye ukubwa wake wa asili, kisha asilimia isomwe upya. Vilevile vichujio vinavyoifanya picha ionekane kama ya televisheni ya kale viondolewe.

Nne, itazamwe aina ya prosesa. MAME hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa kuliko wingi wa viini. Kompyuta ya zamani yenye viini vinne inaweza kushindwa na ya karibuni yenye viini viwili. Kwa hiyo anayelazimika kununua nyingine asidanganywe na idadi. Aende dukani na gemu yake nzito kuliko zote, aijaribu mbele ya muuzaji na kusoma asilimia kabla ya kulipa.

Kila badiliko liandikwe kwenye daftari, na lisipoleta tofauti lirudishwe lilivyokuwa. Anayebadili vitu vitano kwa mkupuo hawezi kujua kipi kilichotibu na kipi kilichoharibu, kama vile mkulima aliyebadili mbegu, mbolea na tarehe ya kupanda katika msimu mmoja.

Mtego wa picha 50

Upo mtego mmoja unaowanasa wengi. Kipimo kinaonyesha asilimia 100, lakini mtu aliyezoea gemu hiyo mahali pengine anaapa kwamba ni nzito. Mara nyingi anasema kweli.

Televisheni za Afrika Mashariki zilifuata mfumo wa PAL wa picha 50 kwa sekunde, kama zilivyofanya za Ulaya, wakati za Marekani na Japani zilikuwa na picha 60 hivi. Gemu za PlayStation zilitolewa kwa mifumo yote miwili, na nyingi za PAL hazikurekebishwa kikamilifu ili zifidie tofauti hiyo. Matokeo yake ni kwamba huenda polepole kwa karibu asilimia 17 kuliko zile za picha 60.

Emuleta huigiza kilichopo. Ikipewa toleo la picha 50 hutoa picha 50 na kuandika asilimia 100 bila kusema uongo. Kioo cha kisasa chenye picha 60 kwa sekunde nacho hulazimika kurudia baadhi ya picha, hivyo mwendo huonekana kama unarukaruka.

Hapa hakuna kompyuta itakayosaidia, hata ingekuwa ya mamilioni. Linalotakiwa ni kutumia toleo la picha 60 la gemu hiyo, au kukiweka kioo kwenye picha 50 iwapo kinaruhusu.

Batani inaitika kwa kuchelewa

Yapo malalamiko mengine yasiyohusu kasi. Picha inakwenda vizuri, lakini mchezaji anabonyeza na mpiganaji anarusha ngumi akiwa amekwisha pigwa.

Gemu yenye picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Televisheni bapa nyingi husafisha na kupamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda. Televisheni inayochelewesha kwa milisekunde 100 inakuwa nyuma kwa picha 6. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari hilo si kitu, ila kwa mchezaji wa ngumi ni kushindwa.

Televisheni nyingi za kisasa zina mpangilio maalumu wa gemu unaozima mapambo hayo. Uwashwe. Kama haupo, kompyuta ijaribiwe kwenye kioo cha kompyuta, ambacho kwa kawaida hakina mapambo mengi. Tofauti ikionekana, televisheni ndiyo yenye kosa.

Televisheni za chogo, ambazo wengi waliziweka kando, hazina ucheleweshaji huo na bado zinafaa kwa gemu za zamani zikiunganishwa kwa njia sahihi. Ila mwenye sanduku asizifungue mwenyewe. Ndani ya chogo huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi televisheni.

Aidha, mpangilio wa emuleta unaosubirisha picha ili isikatike katikati ya kioo huongeza ucheleweshaji kidogo. Uzimwe kwa majaribio. Pedi zisizo na waya nazo zilinganishwe na zenye waya kabla ya kulaumu programu.

Joistiki, batani na waya

Vitu vinavyoteseka zaidi katika sanduku ni vile vinavyoshikwa na mikono. Chini ya kila batani ya sanduku kuna swichi ndogo inayolia "tik" inapobonyezwa. Joistiki ya kawaida nayo ina swichi nne, moja kwa kila upande.

Swichi hizo kwa kawaida zina miguu mitatu iliyoandikwa COM, NO na NC. Waya mmoja hufungwa kwenye COM na mwingine kwenye NO. Ukifungwa kwenye NC kwa makosa, kompyuta huona batani imebonyezwa muda wote na huachiwa pale mchezaji anapoigusa. Mwenye sanduku anayeona mpiganaji wake anatembea peke yake aanze kuangalia hapo.

Waya za batani huingia kwenye bodi ndogo inayounganishwa na kompyuta kwa USB. Batani moja inapogoma, ipo njia rahisi ya kumtambua mkosaji bila mita. Waya za batani hiyo zibadilishane na za batani jirani iliyo nzima. Ugonjwa ukibaki kwenye batani ileile, swichi yake imekufa na ibadilishwe. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, kosa lipo kwenye waya au bodi.

Kama batani kadhaa zimekufa kwa pamoja, si rahisi swichi zote ziwe zimeharibika siku moja. Waya wa COM kwa kawaida huruka kutoka batani moja kwenda nyingine kama bomba la maji linalopita nyumba kwa nyumba. Ukikatika katikati, wote walio mbele ya sehemu iliyokatika hukosa. Itafutwe batani ya kwanza iliyokufa katika mstari huo. Hapo ndipo waya ulipochomoka.

Wapo wanaofungua kibodi ya kompyuta na kutumia bodi yake badala ya kununua bodi ya joistiki. Njia hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro. Kibodi nyingi za kawaida haziwezi kutambua vitufe vingi vinavyobonyezwa kwa wakati mmoja. Mchezaji mmoja haoni tatizo. Wakicheza wawili, batani za mmoja humeza za mwenzake. Ugomvi kibandani huanzia hapo, na kila mmoja humwona mwenzake mwizi. Dawa ni bodi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Joistiki nayo ina siri. Gemu kama Pac-Man ilitengenezwa kwa joistiki ya pande nne tu. Joistiki ya pande nane huruhusu mshazari, na mchezaji anayekata kona hujikuta amekwama ukutani. Joistiki nyingi zina kipande cha plastiki upande wa chini kinachoweza kugeuzwa ili ziende pande nne au nane. Kabla ya kuinunua nyingine, kipande hicho kitazamwe.

Pedi za PlayStation zina ugonjwa wa aina yake. Ndani yake kuna mpira wenye madoa meusi yanayogusa njia za umeme. Jasho na soda vikiingia, batani huwa ngumu. Kusafisha kwa pamba yenye spiriti na kuacha ikauke kabisa mara nyingi huirudisha kazini.

Mwisho, iwapo mchezaji wa kwanza na wa pili wamebadilishana joistiki bila sababu baada ya kompyuta kuwashwa, huenda kompyuta imezihesabu bodi za USB kwa mpangilio tofauti. Kila bodi ichomekwe kwenye tundu lake lilelile siku zote, na tundu liwekewe alama. Katika MAME, kitufe cha Tab hufungua orodha ambamo kila batani hupangiwa upya kazi yake.

Hesabu ya hasara isiyoonekana

Mfanyabiashara anaweza kuuliza kuna ubaya gani gemu ikizubaa kidogo ilhali wateja bado wanalipa. Jibu lipo kwenye hesabu.

Chukulia mwenye sanduku anatoza shilingi 300 kwa mechi inayochukua dakika 10, na saa zake za wateja ni tano, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Dakika hizo 300 zinatosha mechi 30, sawa na shilingi 9,000.

Gemu ikienda kwa asilimia 80, saa ya mchezo nayo huzubaa, na mechi ya dakika 10 huchukua dakika 12 na nusu. Mechi zinakuwa 24 badala ya 30, na mapato yanashuka hadi shilingi 7,200. Hasara ni shilingi 1,800 kwa siku, au 54,000 kwa siku 30, hata kama hakuna mteja mmoja aliyelalamika. Anayetoza kwa dakika hapati hasara hiyo papo hapo, ila anampunja mteja, na mteja aliyepunjwa harudi.

Sasa chukulia tatizo lilikuwa joto, na feni pamoja na kazi ya kutoboa matundu vimegharimu shilingi 10,000. Fedha hiyo inarudi ndani ya siku 6.

Upande wa pili ni yule aliyekimbilia kununua kompyuta ya shilingi 350,000. Kama gunia la mpunga wakati wa mavuno linauzwa shilingi 70,000, ametoa magunia matano. Bei ya mpunga mara nyingi huwa chini mavuno yanapojaa na hupanda akiba inapopungua. Ikiwa gunia hilohilo lingeuzwa shilingi 100,000 miezi sita baadaye, magunia yale matano yangempatia 500,000. Kompyuta ya 350,000 imemgharimu nusu milioni, na ikiwa ugonjwa ulikuwa joto, gemu bado inasuasua.

Zaidi ya hapo, magunia hayo ndiyo yangenunua mbegu na kulipia trekta msimu unaofuata. Anayeuza mtaji wa shamba kutibu ugonjwa asioujua anahatarisha biashara mbili kwa pamoja.

Sheria isisahaulike

Kutengeneza sanduku kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, na kutoza fedha ni jambo jingine. Biashara inahitaji leseni na kodi zake kama biashara nyingine yoyote.

Sanduku la gemu halipaswi kumlipa fedha mchezaji aliyeshinda. Likifanya hivyo linageuka mashine ya kubahatisha, ambayo iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na watu walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi kuicheza.

Hali kadhalika, kuwa na emuleta si kuwa na haki ya gemu. MAME yenyewe ni ya bure, lakini gemu zina wenyewe, na programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata zile gemu chache za kale ambazo wenyewe wameruhusu zigawiwe bure kwa ajili ya MAME, ruhusa hiyo ni ya matumizi yasiyo ya biashara.

Anayetaka kutoza bila wasiwasi anaweza kuweka gemu huria ambazo leseni yake inaruhusu biashara, kama SuperTuxKart ya mashindano ya magari. Hiyo haihitaji emuleta, huchezwa kwa joistiki zilezile, na vipimo vya joto, televisheni na batani vilivyoelezwa hapo juu vinaihusu pia.

Matengenezo yafuate kalenda ya shamba

Kwa kuwa fedha ya kijijini ina msimu, matengenezo ya sanduku nayo yawe na msimu. Wakati mzuri ni kipindi cha palizi na mvua, wateja wanapokuwa wachache, ili mavuno yakifika kila batani iwe inaitika. Kuharibikiwa mwezi wa wateja wengi kisha kusubiri swichi kutoka Kariakoo ni kupoteza siku ambazo hazirudi hadi mwaka mwingine.

Akiba ya vipuri iwe ndogo lakini ya uhakika: swichi za batani tano au sita, joistiki moja, feni moja, waya mita kadhaa na bodi moja ya USB. Daftari la vipimo likae ndani ya sanduku lenyewe, likiwa na asilimia za gemu zote siku zilipokuwa nzima, ili siku ya ugonjwa pawe na cha kulinganisha.

Na ikiwa baada ya hatua zote hizo namba bado inaonyesha kwamba kompyuta ndiyo iliyoshindwa, basi inunuliwe. Lakini inunuliwe kwa fedha ya sanduku, iliyowekwa kando kidogokidogo kila jioni, na magunia ya mpunga yabaki ndani yakisubiri bei.